Zimeliwa na Nani?

Katika shuhuda nyingi nilizosikia, mtu husimama akaeleza alivyoacha pombe, uganga au wake za watu. Mimi niliacha kauli ya kutendwa. Najua hilo halina wa kulipigia makofi, na shangazi yangu wa Muyinga mpaka leo anaona heri ningeacha sigara. Lakini ndilo lililonibadilisha, na chanzo chake ni kuku.

Mama alinizaa Muyinga, katika nyumba ya Waislamu waliokula kwa njia ya mpaka wa Kobero: vitenge vikiingia kutoka Tanzania, maharage yakitoka. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya ndani, ya sokoni na ya madrasa. Kirundi tulikisema na majirani wa vilimani, na Kifaransa tulikiacha darasani kengele ya mwisho ilipolia. Leo naishi Gitega. Mji huu ulipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019 (tazama, nimeshateleza: Bunge ndilo lililoufanya, mwezi Januari, kwa kura) wizara zikaanza kupanda moja moja kutoka Bujumbura, na pamoja nazo watu waliotaka Kiingereza cha haraka. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na sheria ya 2014 ilikipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi, ila mtu hujifunza lugha siku mkubwa wake anapomwandikia barua kwa lugha hiyo. Nikafungua darasa la jioni mtaa wa Magarama. Walikuja makarani, wauza simu, mhasibu mmoja mkimya, na madereva wa serikali. Madereva ndio wanafunzi bora. Kutwa wamo ndani ya gari wakimngoja mkubwa, redio wazi, kila taarifa ya habari ya Kiswahili inayopita hewani inapitia masikioni mwao.

Dereva mmoja ndiye aliyeleta neno. Chickengate. Alikuwa amelisikia kwenye habari za Kenya.

"Mwalimu," akasema, "kuku namjua, geti nalijua. Hilo geti la kuku likoje hata Nairobi nzima ipige kelele?"

Darasa likacheka. Karani mmoja akasema labda ni banda. Nilikuwa najua nusu ya jibu tu, nikaomba nafasi mpaka kipindi cha pili, nikaenda kulifuatilia neno lenyewe tangu lilikotoka.

Geti lenyewe ni la maji. Washington, kando ya mto Potomac, kuna kundi la majengo ya fleti, hoteli na ofisi ambayo Mwitaliano Luigi Moretti aliyachora na kampuni ya Roma ikaanza kuyajenga katika miaka ya 1960. Wakayaita Watergate, geti la maji. Kwa nini? Wapo wanaolirudisha jina hilo kwenye mlango wa mfereji wa zamani wa Chesapeake na Ohio, unaoingia mtoni hapo karibu. Wengine hutaja ngazi pana zinazoteremka mtoni nyuma ya mnara wa kumbukumbu wa Lincoln, na tena palikuwa na mkahawa wenye jina hilohilo kabla ya mafundi kufika. Usiku wa kuamkia 17 Juni 1972, zamu wa jengo, maana hapa Burundi mlinzi ni zamu, kijana mmoja Frank Wills, aliona utepe wa gundi juu ya kitasa cha mlango, mtu ameuweka ili mlango usijifunge. Akaubandua. Alipozunguka tena akaukuta mwingine. Akawapigia simu polisi, na polisi wakawakuta wanaume watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Tarehe 9 Agosti 1974 Richard Nixon akaacha urais.

Mpaka hapo Watergate lilikuwa jina la mahali tu, kama mtu wa Gitega anavyotaja mitaa ya Bwoga au Shatanya. Kilicholifanya kuwa mbegu ni utani. Mwezi Agosti 1973, Nixon bado yumo Ikulu, jarida la vichekesho la National Lampoon lilikata neno hilo katikati, likatupa maji, likachukua geti na kulipachika kwenye mto Volga. Volgagate: kashfa ya Kirusi ambayo haikuwapo kabisa. Baadaye William Safire, aliyemwandikia Nixon hotuba kabla ya kuwa mwandishi wa safu katika New York Times, akawa analipachika geti hilo kwenye kashfa nyingi ndogo za waliomfuata Nixon. Wapo wanaoona nia yake ilikuwa kuifanya dhambi ya mkubwa wake wa zamani ionekane moja kati ya nyingi. Mimi nawaamini. Afrika Kusini nayo ikapata Muldergate mwaka 1978, kwa jina la waziri Connie Mulder, ambaye wizara yake ya habari ilitumia fedha za siri kununulia sifa za serikali ya ubaguzi, hadi kuanzisha gazeti. John Vorster aliacha urais wa nchi hiyo mwaka uliofuata kwa ajili ya mambo hayo.

Niliyaandika yote hayo ubaoni, nikafurahia nafsi yangu. Mhasibu, ambaye hakuwahi kuuliza kitu, akauliza: "Na yule zamu? Walimpa nini?"

Hawakumpa cha maana. Frank Wills aliacha kazi ile, akahangaika na ajira, akafa mwaka 2000 akiwa fukara. Neno linakumbuka mlango aliokuwa akiulinda, yeye halimkumbuki.

Kuku sasa. Huko Eastbourne, kusini mwa Uingereza, kampuni ya uchapaji ya Smith & Ouzman ilikuwa ikitafuta kazi za kuchapa karatasi za kura na vyeti vya mitihani katika Afrika. Ili izipate Kenya, iliwahonga maofisa wa tume ya muda ya uchaguzi, ile iliyosimamia kura ya maoni ya katiba ya 2010, na wa baraza la mitihani. Mauritania nako ilifanya hivyo. Katika barua pepe zao Waingereza hao hawakuandika hongo. Waliandika kuku. Hapa kwetu kuna igiturire kwa Kirundi cha wazi, na agafanta kwa Kirundi cha kunong'ona. Kenya kuna chai na kitu kidogo. Kila mahali hongo huvaa nguo za jikoni, na sioni ajabu Mwingereza alijifunza haraka hivyo. Mwezi Desemba 2014 baraza la wazee wa mahakama ya Southwark, London, liliikuta kampuni na hatia, pamoja na wakubwa wake wawili, baba na mwana. Mwana alikwenda jela miaka mitatu, na baba akapata kifungo cha nje. Magazeti ya Kenya yakamchukua kuku wa barua pepe, yakamfunga kwenye geti la Nixon, yakazaa neno. Baadaye, mwaka 2017, Uingereza ilirudisha Kenya pesa za kesi hiyo na Kenya ikanunulia magari ya wagonjwa. Ndivyo kuku alivyogeuka ambulansi. Ila hao ni watoaji. Upande wa wapokeaji, Nairobi, kesi ilitembea kwa mwendo wake.

Basi nikawapa zoezi. Andikeni habari ya Chickengate kwa Kiswahili, sentensi moja. Nikakusanya madaftari. "Pesa zililiwa katika uchaguzi wa Kenya." "Rushwa ilitolewa ili karatasi zichapwe." "Viongozi walihongwa." Nikageuka kuziandika ubaoni na kuzisahihisha herufi, mhasibu akasema tena, kwa sauti ileile ya kuomba kalamu: "Zimeliwa na nani?"

Hapo ndipo nilipobadilika, wala sikusikia radi. Niliusoma ubao wangu mwenyewe. Katika mifano yangu ya jioni ile nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefanya jambo. Mambo yalifanywa. Na ninaposema Kirundi ni vilevile, ile w ndogo inaingia katika kitenzi na mtenda anatoka kwa mlango wa nyuma. Kauli ya kutendeka ndiyo mbaya zaidi, maana ndani yake mtenda hakuwahi hata kuwapo: faili limechanika, daraja limebomoka, pesa zimetumika. Katika nyumba zetu hakuna mtoto aliyewahi kuvunja kikombe. Kikombe kimevunjika. Na Wazungu wasijione bora. Januari 1987, kashfa ya kuiuzia Iran silaha ilipomfika shingoni, Ronald Reagan alisimama mbele ya Bunge la Marekani akasema makosa makubwa yalifanywa. Hiyo nayo magazeti yalikuwa yameshaiita Irangate. Geti mbele, kauli ya kutendwa nyuma, na katikati hapana mtu.

Mtu wa Muyinga akishaona hilo hawezi kulala vizuri. Sisi tuna jina letu la mahali: Mukoni, kambi ya jeshi. Kati ya Julai na Agosti 2006 watu kadhaa, ambao vyombo vya usalama vilidai ni wa kundi la waasi la FNL, waliingia kizuizini na hawakutoka. Miili ikaonekana katika mto Ruvubu. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyopita sokoni: "walichukuliwa", "walipelekwa", "wameonekana mtoni". Vitenzi vitatu, na mwenye mkono hayumo katika hata kimoja. Watu hawakuwa wajinga. Mchuuzi wa samaki alijua, imamu alijua. Tulikuwa tunajilinda kwa sarufi. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliketi Muyinga kusikiliza kesi hiyo na ikawatia hatiani askari kadhaa, akiwemo kanali mmoja aliyekuwa ameshatoroka. Sikuwa na umri wa kuelewa hukumu. Nilichosikia ni kwamba kwa mara ya kwanza wazee wa baraza letu walikuwa wakisema fulani alifanya. Waliyasema polepole, kama watu wanaojaribu viatu vipya.

Bujumbura nako, kashfa zetu za ufisadi hazikupata geti. Mwaka 2006 serikali iliuza Falcon 50, ndege ya rais, na bei ikazua kelele mpaka kwa wafadhili. Watu waliiita "ndege" basi. Ukisema ndege, kila mtu alijua. Kisha ikaja Manirumva. Ernest Manirumva alikuwa makamu mwenyekiti wa OLUCOME, shirika la kupambana na ufisadi, na wauaji walimuua Aprili 2009. Tangu hapo "kesi ya Manirumva" ni jina la jambo. Nikiyalinganisha na Watergate nashangaa. Marekani waliipa kashfa jina la jengo, Kenya waliita Goldenberg kwa jina la kampuni iliyodai kuuza nje dhahabu ambayo nchi haikuwa nayo, Tanzania waliita Richmond, kampuni tena, ile iliyomfanya Edward Lowassa aache uwaziri mkuu Februari 2008. Sisi tunaipa jina la aliyekufa akiitafuta. Mlengwa anabaki na jina, mlenga anabaki na kivuli. Sijui kipi ni bora. Kenya, David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyezitoa nje karatasi za Goldenberg, alipoteza kazi na akafa mwaka 2006, na neno Goldenberg halina hata herufi yake. Angalau Manirumva tunamtaja.

Nilianza kubadilika kwa mdomo kabla ya moyo. Nilijiwekea sharti dogo: sitatumia ile w kama namjua mtenda, na kama simjui nitasema simjui. Gitega watu waliniona nimeingia dini mpya. Ukiulizwa (haya, mtu akikuuliza) "kwa nini umechelewa?", kila Mrundi mstaarabu hujibu "gari limechelewa". Mimi nikawa najibu "nimechelewa kuamka". Kazini sentensi hiyo ina bei yake.

Jaribio kubwa lilikuwa Muyinga. Shangazi na wanawake wenzake wa mtaani wana chama cha kuweka akiba na kukopeshana, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Nilikwenda kusalimia siku ya Idi nikakuta baridi. Kumbe sanduku lilikuwa limepungua, na kila mtu alikuwa akisema neno moja: zimeliwa. Hawakumtaja mtu. Walikuwa wanamhurumia mtunza hazina, mjane mwenye watoto wadogo, na kwa huruma hiyo wakamwachia ukumbi wote akae peke yake. Hakuna aliyemshtaki, kwa hiyo hakuwa na wa kumjibu. Alikuwa ameacha kuja kuchota maji wenzake wanapochota.

Nikamwambia shangazi: iteni mkutano, na kila mtu aseme kwa kauli ya kutenda. Alininyamazia, kisha akasema Gitega imeniharibu. Lakini alikuwa na wasiwasi kuliko hasira, akauitisha. Ulichukua mchana mzima. Daftari likafunguka ukurasa kwa ukurasa: fulani alikopa, fulani alirudisha, fulani alirudisha nusu, fulani alimwazima ndugu yake pesa za chama akasahau kuandika. Hao "fulani" walikuwa saba, na wengine walikuwa wa kwanza kulia kwa ajili ya mjane. Kila mmoja alikuwa amemega kidogo. Mtunza hazina hakuwamo. Nakumbuka uso wake haukufurahi hata kidogo, alikuwa na ghadhabu. Aliwauliza mbona walimwacha na lile neno miezi yote hiyo, na hawakuwa na jibu.

Hilo sikulitegemea. Nilidhani kauli ya kutendwa humficha mwizi. Humficha kweli, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kumgawia kila mtu wizi huo. Ukisema zimeliwa, yeyote aliyekuwa karibu na sahani amekula. Nikaikumbuka Mukoni upya: katika miaka ile ya "walichukuliwa", kila askari kijana aliyepita sokoni Muyinga kununua sabuni alikuwa yeye. Mahakama ilipotaja baadhi, iliwaondolea wengine mzigo ambao hakuna aliyekuwa amewatwika kwa maneno.

Shangazi bado ananiita Mzungu. Chama nacho hakikupona kabisa. Wawili kati ya saba walijitoa, na mmoja wao ni jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye sasa hupeleka futari upande mwingine. Siwezi kusema kwamba kutenda hakuumizi.

Na si kweli pia kwamba jina peke yake linatosha. Gitega tulijifunza hilo nyumbani. Septemba 2022 Rais Ndayishimiye alimwondoa waziri mkuu, Alain-Guillaume Bunyoni. Aprili 2023 polisi wakamkamata. Tarehe 8 Desemba 2023 Mahakama ya Juu, ikiketi ndani ya gereza la Gitega, ikampa kifungo cha maisha. Mashtaka yalikuwa mengi: usalama wa taifa, mali isiyo halali, kuyumbisha uchumi, hata uchawi dhidi ya rais. Kwa wiki kadhaa mtenda alikuwa mmoja mjini. Petroli haipo? Bunyoni. Sukari imepanda? Bunyoni. Madereva wangu waliliweka jina hilo mbele ya kila kitenzi nilichowapa, na nikagundua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa geti vilevile: anapachikika popote, na nyuma yake wengine wanapita. Katika kesi yenyewe walikuwamo washtakiwa wengine. Mtaani hakuna aliyewakumbuka. Nikarudisha sharti langu la pili, lile la kusema simjui, nikalifundisha kwa nguvu kuliko la kwanza.

Mimi si shujaa. Tuliona Mei 2015 jinsi redio za Bujumbura zilivyoteketea baada ya jaribio la kupindua serikali, na zipo siku naingia ofisi fulani na ile w mdomoni, nimeivaa kama koti. Tofauti ni kwamba zamani sikujua kama nimeivaa. Sasa naivaa, naivua nje, na nikifika nyumbani namwambia mke wangu sentensi ileile kwa kauli ya kutenda. Anasikiliza, anasema "funga dirisha".

Foleni za petroli hazijaisha Gitega, na juzi nilitoa zoezi juu yazo. Mhasibu aliandika nusu ukurasa wa takwimu. Karani mmoja aliandika mafuta yamekosekana, nikamrudishia. Yule dereva wa kuku aliandika hivi: "Nimelala katika foreni siku mbili. Mwenye kituo alimwuzia mtu wa madumu usiku, nilimwona. Aliyeyachelewesha mafuta njiani simjui." Nikamsahihisha herufi moja tu, maana sisi Warundi l na r zinatusumbua: foleni.